Kamante Gatura: Mpishi aliyewaandalia wakuu karamu asizozila

NYAMA ya kusaga haina ugeni katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Jericho, Buruburu na Umoja, mama wa nyumbani huinunua nusu kilo buchani au katika soko la Burma, akaikaanga kwa kitunguu na nyanya, na familia ikaila kwa chapati au ugali.

Ugeni huanza siku anapotaka kuibadilisha sura nyama iyo hiyo na kupika, mathalani, vibonge vya nyama vya Uswidi vinavyoogelea ndani ya rojo zito la malai. Hapo ndipo wengi husita. Huona kwamba mapishi hayo ni ya watu wengine, yameandikwa kwa lugha ya watu wengine na yanadai vyombo ambavyo jiko la chumba kimoja halina.

Shaka hiyo ilikwisha kujibiwa karibu karne moja iliyopita. Aliyeijibu ni kijana Mkikuyu ambaye hakujua kusoma mapishi yoyote, aliyeviona vyombo vya kigeni akaviweka kando, na ambaye jiko lake lilikuwa chini ya vilima vya Ngong, katika nyumba iliyojengwa na Mswidi. Jina lake ni Kamante Gatura.

Mchungaji wa mbuzi

Kamante alizaliwa takriban mwaka wa 1912. Kwa sadfa, mwaka huo ndio ambao mhandisi kutoka Uswidi, Åke Sjögren, aliijenga nyumba ya mawe ambayo baadaye ingekuja kuwa makao ya umaarufu wa kijana huyo.

Shamba hilo lilinunuliwa na Mswidi mwingine, Bror von Blixen-Finecke, mtu wa ukoo wa kilodi, ambaye alifunga ndoa na Karen Dinesen wa Denmark mjini Mombasa mnamo Januari 14, 1914. Wawili hao walikuja kulima kahawa. Ndoa yao haikudumu. Walitalikiana mwaka wa 1925 na Karen Blixen akabaki kuliendesha shamba peke yake.

Katika ardhi hiyo ya ekari elfu sita waliishi mamia ya Wakikuyu walioitwa maskwota. Sheria ya kikoloni iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi kwa siku 180 kila mwaka ndipo waruhusiwe kujenga, kulima na kulisha mifugo yao. Kamante alikuwa mtoto wa familia mojawapo ya hizo.

Karen Blixen alimkuta kwa mara ya kwanza mbugani akichunga mbuzi. Mtoto huyo alikuwa amekonda na miguu yake ilijaa vidonda vikubwa kutoka mapajani hadi visiginoni. Aliambiwa afike nyumbani kwa mama huyo apate dawa, naye akafika, akavumilia matibabu bila kulia wala kulalamika.

Dawa za nyumbani hazikufua dafu. Hatimaye alipelekwa katika hospitali ya wamisionari wa Kiskoti, akakaa huko miezi mitatu. Alirejea asubuhi ya Jumapili ya Pasaka, miguu ikiwa imefungwa vitambaa. Alivifungua mbele ya mwenyeji wake taratibu, kimoja baada ya kingine, hadi ngozi nzima ikaonekana. Kisha akatangaza kuwa yeye sasa ni Mkristo.

Tukio hilo linafichua tabia ambayo ingemtambulisha maisha yake yote. Kamante hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua wakati wa kupakua.

Aingia jikoni

Kazi yake ya kwanza nyumbani humo ilikuwa kuwatunza mbwa. Baadaye akawa msaidizi wakati wa kuwahudumia wagonjwa waliofika kila asubuhi kutafuta dawa. Kutoka hapo aliingizwa jikoni kuwa msaidizi wa mpishi mkongwe aliyeitwa Esa. Esa alipofariki kwa kulishwa sumu, Kamante alirithi mwiko wake.

Wakati huo hakuwa na elimu ya darasani ya kumwezesha kusoma kitabu cha mapishi. Karen Blixen, ambaye katika mojawapo ya safari zake za Ulaya alikuwa amejifunza kupika kwa mpishi Mfaransa wa mkahawa mashuhuri, alimwelekeza kwa maneno na vitendo. Kamante alitazama mara moja, akahifadhi kichwani.

Mbinu yake ya kukumbuka ilikuwa ya aina yake. Kila pishi alilipa jina la jambo lililotokea siku alipofundishwa. Hivyo basi kulikuwa na rojo lililobeba jina la radi iliyoupiga mti, na jingine lililobeba jina la farasi wa kijivu aliyekufa. Majina hayo yangemchanganya mtu mwingine yeyote, lakini yeye hakuwahi kulichanganya rojo moja na jingine.

Jambo moja tu lilimtatiza, nalo ni mpangilio wa vyakula mezani: kipi kitangulie na kipi kifuate. Kila wageni walipotarajiwa, mwenye nyumba alimchorea picha kwa mfuatano: kwanza sahani ya supu, kisha samaki, kisha ndege wa kuchoma, kisha mboga.

Alitumwa pia kujifunza katika Klabu ya Muthaiga, iliyokuwa kitovu cha starehe za walowezi. Vilevile, kila Karen Blixen alipoonja chakula kizuri katika nyumba ya rafiki mjini Nairobi, Kamante alipelekwa kwa mpishi wa nyumba hiyo akajifunze. Huenda wengi wa waliokuwa wakimfundisha humo walikuwa Waafrika wenzake. Kumbe nyuma ya meza za walowezi palikuwa na chuo kizima kisichokuwa na jina wala cheti, ambacho wahadhiri wake walivaa aproni.

Mashine na vyombo kutoka Ulaya havikumpendeza. Chombo cha kupigia mayai alikiacha kishike kutu, akachukua kisu kikuukuu cha kupalilia bustani na kuupiga ute wa yai hadi ukafura ukawa kama wingu. Alikuwa na kipaji cha kukifanya chakula kiwe chepesi: kimanda, vitobosha vya unga na hata mayonezi vilitoka mikononi mwake bila uzito. Aidha, alikuwa na jicho la kumtambua kuku mnono na kiganja cha kupima yai na kujua lilitagwa lini.

Rojo alilopewa sifa mwana wa mfalme

Novemba 1928, mrithi wa ufalme wa Uingereza, Edward, alizuru Kenya na kualikwa kwa chakula cha jioni katika nyumba hiyo. Kamante alipika. Mgeni huyo alilisifu rojo la Cumberland, ambalo hutengenezwa kwa jeli ya matunda madogo mekundu, maganda ya chungwa na limau, haradali na mvinyo, na huliwa na nyama.

Sifa zilimfikia mpishi naye akazisikiliza kwa makini bila kusema neno. Miezi kadhaa baadaye, siku ambayo hakuna aliyekuwa akiyawaza mambo hayo, alimwuliza mwenye nyumba iwapo mwana wa sultani alilipenda kweli lile rojo la nguruwe, na kama alilimaliza lote.

Swali hilo linaonyesha kwamba aliijali kazi yake, na aliibeba moyoni kimyakimya. Linazidi kustaajabisha ukizingatia kwamba yeye mwenyewe hakukipenda chakula hicho. Alikionja kwa tahadhari ya mtu anayepima dawa. Alichokila kwa hamu ni mahindi na viazi vitamu vya kwao. Mara nyingine alimletea mwenye nyumba kiazi kitamu kilichochomwa au bonge la mafuta ya kondoo, kwa imani kwamba hata tajiri anayekula vyakula vya ajabu huenda siku moja akatambua kilicho kitamu.

Kwa maneno mengine, Kamante alikuwa fundi wa ladha asiyokuwa mteja wake. Aliwajua walaji kuliko walivyomjua.

Mpishi bila jiko

Kahawa haikustawi katika mwinuko ule wa Ngong. Baridi, ukame na madeni vililiangusha shamba, likauzwa kwa kampuni iliyokusudia kuligawa viwanja. Mnamo 1931 Karen Blixen alifunga mizigo na kurejea Denmark. Kabla ya kuondoka aliihangaikia serikali hadi maskwota wake wakapewa ardhi pamoja katika msitu wa Dagoretti.

Kamante alibaki na ujuzi wa kuhudumia ikulu bila ikulu ya kuhudumia. Alisaka kazi Nairobi. Ulimwengu ulikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, na walowezi wa kawaida walihitaji mtu wa kuchemsha viazi na kuoka nyama, si mpishi wa karamu za kifalme. Muda ulipita bila kupata nafasi ya kumfaa.

Nairobi aliyokuwa akiikanyaga ilikuwa jiji la pande mbili. Upande wa magharibi, penye miinuko na miti, waliishi Wazungu. Waafrika walitengewa upande wa mashariki. Pumwani ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa makao rasmi ya Waafrika, shirika la reli likawaweka wafanyakazi wake Muthurwa, na baadaye, katika miaka ya 1940, Kaloleni ikajengwa.

Mpishi wa wakati huo alilala katika kijumba cha watumishi nyuma ya nyumba ya mwajiri, au alivuka jiji kila siku kutoka mashariki. Shingoni alining'iniza kipande, cheti kilichohifadhiwa katika kikebe cha chuma na kilichoeleza aliwahi kuajiriwa wapi. Bila mwajiri, hakuwa na haki ya kukaa mjini. Ujuzi wake, hata ungekuwa mkubwa kiasi gani, haukuwa na thamani hadi mtu mwingine auandikie.

Kamante aliendelea kuwasiliana na mwajiri wake wa zamani. Alikwenda kwa waandishi wa barua wa Kihindi waliokaa nje ya posta ya Nairobi, akawasimulia yaliyo moyoni, nao wakayageuza kuwa Kiingereza cha kuungaunga kilichosafiri hadi Denmark.

Umaarufu usiokuwa na malipo

Mnamo 1937 Karen Blixen alichapisha kumbukumbu zake, Out of Africa. Kitabu hicho kilisomwa kote duniani na Kamante ni miongoni mwa watu wanaoonekana humo kwa uwazi zaidi. Ghafla mpishi wa Ngong alijulikana Copenhagen, London na New York, mahali ambapo hakuwahi kufika.

Hata hivyo, si wasomaji wote waliofurahia namna alivyochorwa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, aliushutumu vikali mtazamo wa kitabu hicho. Katika insha aliyoiita Her Cook, Her Dog, iliyomo katika mkusanyiko wake wa 1993, Moving the Centre, alionyesha jinsi mwandishi huyo anavyomfananisha mpishi wake na mbwa aliyestaarabika. Kwa Ngũgĩ, upendo wa aina hiyo haukuwa tofauti sana na dharau.

Shutuma hiyo ina uzito. Ukurasa ule ule unaomsifu Kamante kuwa na kipaji kikubwa hauwezi kueleza kipaji hicho kilitoka wapi, na hivyo hukifanya muujiza wa maumbile. Haisemwi vya kutosha kwamba mtoto huyo alitazama, akakumbuka, akajaribu, akakosea na kurudia, kama afanyavyo fundi yeyote. Msemo wa wahenga kwamba mcheza kwao hutuzwa haukutimia kwake. Alicheza kwao, tuzo ikaenda ng'ambo.

Karen Blixen alifariki mnamo Septemba 1962. Miaka hiyo hiyo mpiga picha Mmarekani, Peter Beard, aliyekuwa amevutiwa na kitabu hicho, alimtafuta Kamante na kumpata akiwa hai. Beard alinunua kipande cha ardhi kilichopakana na lile shamba la zamani, na Kamante akaishi hapo na jamaa yake.

Hapo ndipo mzee huyo alipopata nafasi ya kusimulia mwenyewe. Alieleza visa vya shambani, hadithi za wanyama na kumbukumbu zake za jikoni, akachora na picha. Wanawe walisaidia kuyaandika masimulizi hayo. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, Longing for Darkness, kilichapishwa mwaka wa 1975, kikiwa na neno la mwisho kutoka kwa Jacqueline Onassis, mjane wa Rais John F. Kennedy wa Marekani.

Kamante alifariki mwaka wa 1985. Desemba mwaka huo filamu ya Out of Africa ilianza kuonyeshwa, huku nafasi yake ikiigizwa na Joseph Thiaka. Filamu hiyo ilitwaa tuzo saba za Oscar. Mwaka wa 1986 nyumba aliyopikia ilifunguliwa kuwa makavazi ya taifa, na hadi leo wageni huingia kuitazama.

Funzo kwa jiko la Eastlands

Mwaka huo huo wa 1985 ndio ambao maduka ya samani ya IKEA yalianza kuuza vibonge vya nyama vya Uswidi na kuvifanya vijulikane kote duniani. Huenda walaji wengi wakadhani ni chakula kilichozaliwa Uswidi. Lakini mnamo 2018 ukurasa rasmi wa nchi hiyo mitandaoni ulisema mapishi hayo yaliletwa kutoka Uturuki na Mfalme Charles wa 12, mwanzoni mwa karne ya 18. Wanahistoria wengine wanapinga kisa hicho. Lisilopingika ni kwamba vibonge hivyo ni ndugu wa kofta na kababu zinazofahamika vyema Mombasa na katika nyumba za Wahindi wa Nairobi.

Chakula kinachosafiri hivyo hakina sababu ya kukwama kwenye barabara ya Jogoo. Mpishi wa Eastlands anaweza kukiandaa jinsi ambavyo Kamante alipika: kwa mkono, kwa jicho na kwa kumbukumbu.

Vipande viwili vya mkate hulowekwa katika nusu kikombe cha maziwa hadi vilainike. Kitunguu kimoja hukatwakatwa kabisa na kukaangwa kwa siagi bila kuungua. Vyote huchanganywa na nusu kilo ya nyama ya kusaga, yai moja, chumvi na pilipili manga. Waswidi huongeza kiungo chenye harufu inayokaribia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Chembe ya karafuu na kungumanga zilizosagwa hutosha. Mkate na maziwa ndiyo siri ya wepesi, na mchanganyiko haupaswi kukandwa sana.

Baada ya kupumzishwa nusu saa, hufinyangwa kwa mikono iliyoloweshwa maji kuwa vibonge vya ukubwa wa yai la njiwa. Hukaangwa vichache vichache kwa moto wa wastani, kikaango kikitikiswa ili viviringike na kuiva pande zote. Jiko la makaa hufaa kabisa, mradi makaa yapunguzwe.

Vibonge vikishatolewa, mabaki yaliyoganda kikaangoni hayatupwi. Huongezwa vijiko viwili vya siagi na viwili vya unga wa ngano, kisha hukorogwa hadi rangi iwe kama ya ganda la karanga. Vikombe viwili vya supu ya mifupa humiminwa kidogo kidogo huku mwiko ukizunguka. Nusu kikombe cha malai hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo ili yasikatike. Rojo likishikamana na mgongo wa kijiko, vibonge hurudishwa humo kwa dakika chache.

Huliwa na viazi vilivyopondwa na, kwa desturi ya Waswidi, jamu ya matunda madogo mekundu yenye uchachu. Hapo mtu atamkumbuka Kamante na rojo lake la Cumberland, kwa kuwa kanuni ni ile ile: utamu na uchachu hukata uzito wa nyama na mafuta. Anayekosa jamu hiyo anaweza kutumia ukwaju uliochemshwa kwa sukari.

Mpishi atakayefuata hatua hizo katika nyumba ya Jericho au Umoja atakuwa akitembea katika njia iliyofunguliwa na Mkenya. Tofauti ni moja tu. Kamante alisimama nyuma ya mlango wa jikoni akisubiri kuambiwa kama sahani zimerudi tupu. Mpishi wa Eastlands atapakua, atavuta kiti, na atakula pamoja na wanawe.